Riziki ya Uzeeni: Ni Deni la Nani?

Katika mambo ambayo watu wa miji yetu ya pwani huyasema kwa sauti ya chini, moja ni hili la mzee asiyekuwa na kitu. Maskini kijana huonekana na husikika. Huenda bandarini, huenda sokoni, husukuma mkokoteni, na akikosa hulalamika. Ama mzee, khasa mzee wa watu wenye jina, huketi barazani na kanzu yake iliyofuliwa, wapitao humwamkia kwa heshima naye huwaitikia, wala hapana ajuaye kwamba usiku uliopita alilalia chai ya rangi na kipande cha mkate. Muhali umemfunga mdomo. Na sisi tumeridhika na ule mdomo uliofungwa, tukadhani kimya chake ni shibe.

Swali tulilolipima katika darsa yetu, na ambalo twataka wasomaji nao walipime, ni hili: riziki ya mtu aliyeishiwa na nguvu ni deni la nani? Ni deni la wanawe, au la serikali, au la Waislamu kwa jumla, au la nafsi yake mwenyewe siku alipokuwa na nguvu? Wengi watajibu upesi kwamba ni deni la wanawe, na wachache, khasa waliofanya kazi za ofisi, watasema ni la serikali. Majibu yote mawili yana haki ndani yake, wala hapana hata moja linalotosha.

Tuanze na serikali, kwa kuwa habari yake ni fupi. Desturi ya dola kuwalipa wazee si ya kale huko Ulaya kama watu wadhanivyo. Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 1889, zama za Bismarck, na umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa wakati ule hawakuufikia. Uingereza ilifuata mwaka 1908, na malipo yakaanza Januari 1909: shilingi tano kwa juma, kwa maskini aliyetimiza miaka 70. Lakini kabla ya hao wote, kwa karne kumi na mbili, Sayyidna Umar r.a. alimkuta mzee kipofu, tena si Mwislamu, akiomba milangoni mwa watu. Alipojua kwamba kilichomtoa nje ni kodi, haja na uzee, alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mwenye kuweka Baitul Mali amwangalie huyo na walio mfano wake, kwa hoja kwamba dola iliyomtoza mtu ujanani haina haki ya kumwacha uzeeni. Habari hii imo katika Kitabul Kharaj cha Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa. Basi wale ndugu zetu wasemao kwamba mzee kupokea fedha za serikali ni aibu, au ni desturi ya Kizungu, wameyasema wasiyoyajua.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa dola pia. Na chini ya mpango uitwao Inua Jamii, aliyetimiza miaka 70 akaandikwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni jambo jema, na kila mzee wa mtaani mwetu mwenye haki hiyo yafaa asaidiwe kujiandikisha. Lakini shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku thelathini hazifiki 67 kwa siku, na mara nyingine hukawia miezi. Ama pensheni iliyo kamili ni ya aliyeajiriwa na serikali, na hata huko mambo yamebadilika, kwa kuwa tangu Januari 2021 mtumishi mpya hukatwa mshahara wake ili kuchangia uzee wake mwenyewe. Na kwa hesabu za serikali yenyewe, katika kila wafanyakazi kumi wa nchi hii zaidi ya wanane wamo katika kazi zisizo rasmi. Mvuvi, hamali, fundi cherahani, mama wa mahamri, dereva wa tuk-tuk: hao hawana wa kuwakatia wala wa kuwachangia. Mwenye kungojea serikali iwatosheleze hao wote atangoja mpaka wazee wa leo wamekwisha kuzikwa.

Basi turejee kwa wana. Mtu hujigamba akasema, watoto wangu ndio pensheni yangu. Maneno haya yamekuwa mazuri masikioni kwa sababu yana harufu ya dini, na sisi hatukanushi asili yake. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israi, ametaja wema kwa wazazi papo hapo baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake. Na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamepambanua sharia yake kwa urefu: nafaka ya baba na mama, na babu na bibi, ni wajibu juu ya mwana mwenye ziada baada ya chakula chake na cha mkewe cha siku na usiku wake. Wala haisemwi kwamba mzee huyu ana nguvu kidogo na akatafute. Kauli iliyo na nguvu ni kwamba mzazi halazimishwi kuchuma na hali mwanawe anacho.

Lakini wanachuoni hao hao wamesema jambo la pili ambalo watu hawalitaji. Nafaka ya mke isipotolewa hubaki kuwa deni, na mke aweza kuidai hata baada ya miaka. Ama nafaka ya mzazi, siku ikipita imepita. Haiwi deni illa kadhi akiwa ameipitisha. Kwa maana nyingine, mlo ambao mama yako aliukosa jana hutaweza kuulipa leo. Wapo vijana wetu, wenye kazi njema Nairobi na Ughaibuni, ambao nia zao ni njema kabisa: wasema wataanza kumtazama mzee wakimaliza kujenga, wakimaliza kuoa, wakimaliza deni la gari. Kwao deni la benki lina tarehe, na la mama halina. Sharia inasema kinyume cha hayo, kwamba la mama ndilo lisilongoja.

Na huko Singapore serikali ilipoona hali hii ilitunga sheria mwaka 1995, ya kwamba mzazi mwenye miaka 60 na zaidi asiyeweza kujikimu aweza kuwashitaki wanawe mbele ya baraza ili waamriwe kumpa matumizi. Sharia yetu nayo haimzuii mzazi kwenda kwa kadhi. Lakini twauliza: ni mama gani wa Mji wa Kale au wa Lamu atakayesimama akamshitaki mwanawe kwa sahani ya wali? Atakufa na njaa yake kwanza. Haki ambayo mwenye nayo aona haya kuidai haiwezi kuwa nguzo pekee ya maisha yake.

Tena wako wasio na wana. Wako waliofiwa. Wako ambao wana wao wamemezwa na unga, na badala ya kumlisha mama hurudi usiku kuiba sufuria zake. Na yuko yule shangazi ambaye hakuolewa, au aliyeachwa bila ya mtoto, aliyelea watoto wa ndugu zake wote na leo amebaki katika chumba cha uani. Katika madhehebu yetu nafaka ya wajibu ni ya wazazi wa juu na watoto wa chini tu. Shangazi, mjomba na ndugu hawamo, ingawa Mahanafi wamewatia jamaa wa damu walio maharimu. Mpwa aliyelelewa na shangazi huyo akisema kwamba sharia haimlazimishi, kwa lafudhi ya fikihi amesema kweli, na kwa utu amesema neno la kuchukiza. Lakini hapa pana mlango aliousahau. Zaka ya mtu haimwendei mzazi wake, kwa kuwa mzazi tayari ni juu yake; ama shangazi, kwa kuwa si wajibu juu yake, aweza kupewa zaka, na malipo yake ni mara mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Yule aliyetolewa katika mlango mmoja ameingizwa kwa mwingine. Hatujui kwa nini watu wa miji yetu hupeleka zaka zao mbali na hali shangazi yuko uani.

Akisema mtu: mzee akipewa fedha na wengine, iwe serikali au Baitul Mali, wana watalegea, na wema kwa wazazi utakufa. Twamjibu kwamba hoja hii ina uzito, nasi tumeipima. Lakini tutazame mambo yalivyo. Mzee mwenye kodi ya vyumba viwili huletewa wajukuu, huulizwa shauri, na maneno yake husikizwa. Mzee asiyekuwa na kitu husogezwa pembeni hata na mwana aliye mwema, si kwa uovu bali kwa uchovu. Wema kwa wazazi si sahani ya chakula peke yake. Ni kuketi naye, ni kumpeleka hospitali, ni kumwogesha asipojiweza, ni kustahamili hadithi ile ile mara ya mia. Hayo hapana serikali iwezayo kuyafanya, wala hapana mfuko. Na kwa kweli mara nyingi hufanywa na binti aliye nyumbani, na hali sifa huchukuliwa na mwana aliye mbali kwa kuwa ndiye aletaye fedha. Fedha ikitoka mahali pengine, huenda tukaona waziwazi ni nani aliyekuwa mwema.

Sasa tuje kwa nafsi ya mtu. Mtume s.a.w. alimkataza Saad bin Abi Waqqas kutoa sadaka mali yake yote alipokuwa mgonjwa. Akamruhusu theluthi, na hata hiyo akaiona ni nyingi, kwa sababu kuwaacha jamaa wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa warithi, basi mtu kujisazia ili yeye mwenyewe asiombe watu haiwezi kuwa upungufu wa kumtegemea Mungu. Mama zetu walilijua jambo hili pasi na kusomeshwa. Bangili na vipuli vyao vya dhahabu havikuwa pambo tu. Vilikuwa akiba isiyoliwa na riba, na kila shida kubwa iliondoka na kipande. Na nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kama zile za Majengo, mjane akikaa kimoja na kupangisha vitano, imelisha wazee wengi wa Mombasa kuliko ofisi yoyote, hata pale ambapo nyumba ni yake na kiwanja ni cha mwingine.

Lakini mali hii hupotea kwa njia mbili tulizozizoea. Ya kwanza ni kiinua mgongo. Mfuko wa taifa wa NSSF uliundwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi alichopewa mfanyakazi mwisho wa kazi kilikuwa fungu moja la fedha. Tumeona watu waliofanya kazi miaka thelathini wakalipokea fungu hilo mwezi wa Rajabu, na kufika Shawwal limekwisha katika harusi ya binti, kwa mabasi ya wageni, kwa ukumbi na kwa maua. Sheria ya mwaka 2013, ambayo imepandisha makato hata kufika asilimia 6 ya mfanyakazi na 6 ya mwajiri, yataka sehemu kubwa ya fedha ilipwe kidogo kidogo kila mwezi, na katika hilo twaiona sheria hii kuwa na busara kuliko sisi. Njia ya pili ni hiba ya haraka. Mzee humwandikia mwana mmoja nyumba angali hai, kwa mapenzi au kwa kubembelezwa, kisha hukuta yeye ndiye mpangaji. Sharia imempa baba na mama haki ya kurejea katika hiba yao maadamu kitu kingali katika milki ya mtoto. Lakini kikisha kuuzwa hapana marejeo. Asiyejua ni miaka mingapi imebaki asigawe paa lililo juu ya kichwa chake.

Watu hutuuliza juu ya riba iliyomo katika mifuko hii ya akiba, kwa kuwa fedha zake nyingi hukopeshwa serikali kwa faida. Anayekatwa kwa lazima hana khiari, na mtaji wake ni haki yake. Katika ile nyongeza wanachuoni wamekhitilafiana, na mwenye kutaka usalama aisafishe kwa kuitoa. Lakini kulaumu tu hakumjengei mtu kitu. Waislamu wa Malaya walikuwa wakificha fedha za Haji majumbani kwa kuogopa riba, na wengine wakiuza mashamba ili wasafiri, kisha wakirudi mafukara. Mwaka 1959 mchumi wao Ungku Aziz alitoa shauri la mfuko wa halali, na mwaka 1963 mfuko huo ukaanza kazi. Ndio uitwao leo Tabung Haji, unaoziweka akiba hizo katika biashara na mashamba. Na mfuko wao wa wafanyakazi, ulioanza mwaka 1951, tangu 2017 umewafungulia wanachama mlango wa akiba inayokwenda kwa sharia, kwa atakaye. Hao hawakungoja waombwe. Walidai, wakaandika, wakahesabu. Sisi tuna benki zetu za Kiislamu tangu 2008, tuna wasomi wa hesabu, wala hatujakaa kitako kuutaka mfuko wetu wa taifa utufanyie vivyo hivyo.

Tumesema haya ya akiba tukijua kwamba hamali anayekula alichokipata leo hana cha kuweka. Kumwambia huyo adundulize ni kumdhihaki. Na hapo ndipo tufikapo kwenye zaka, jambo lililotufanya tuandike.

Minhaj ya Imam Nawawi ni kitabu kilichosomeshwa katika darsa za pwani hii kwa vizazi, na wengi wa masheikh zetu wamepita humo. Ndani yake mna mas'ala ambayo husomwa, hufasiriwa, kisha hufungwa pamoja na kitabu. Je, fakiri apewe kiasi gani katika zaka? Kauli aliyoisahihisha imamu si kumpa cha Idi, wala si kumpa cha mwaka. Ni kumpa kitakachomtosheleza muda ulio wa kawaida wa umri wa mwanadamu, na njia yake ni kununuliwa milki yenye kuleta pato, akawa ala humo. Mwenye ufundi hupewa vyombo vya ufundi wake, na mfanya biashara hupewa mtaji. Na waliokuja baada yake wakaeleza kwamba aliyekwisha kuupita umri huo hupewa cha mwaka baada ya mwaka. Itazameni hii kwa macho ya leo: kwa aliye na miaka 45 na mgongo uliokwisha kuvunjika, chombo au chumba cha kupangisha, kwa aliye na miaka 70, posho ya mwaka mzima. Ni nini hii kama si malipo ya uzeeni, yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia sita kabla ya Bismarck?

Sisi twafanya nini? Tufanye kwamba katika mtaa mmoja wako watu 200, kila mmoja zaka yake ni shilingi 5,000. Jumla ni milioni moja. Zikigawiwa kwa watu elfu, kila mmoja apata shilingi 1,000, na kufika mwezi sita wa Shawwal hapana hata mmoja aliyebaki nazo. Mwaka ujao foleni ni ile ile, milango ni ile ile, na tajiri hupigwa picha akigawa. Milioni hiyo hiyo yaweza kuwapa wazee 20 shilingi 4,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, ikabaki shilingi 40,000 ya kumnunulia fundi mmoja cherahani na vitambaa. Twajua kwamba wale waliobaki watalia, na kilio chao si cha uongo. Lakini fakiri aliyetolewa katika ufakiri hatarudi katika foleni, na kila mwaka foleni itapungua, na hali kwa njia tuifuatayo haipungui kamwe. Ila hadhari moja: zaka ni lazima imilikiwe na mwenyewe. Chumba kikinunuliwa kwa zaka ni mali ya fakiri yule, na akifa ni ya warithi wake, si ya kamati.

Na katika wazee hao, wa kwanza tunaomtaja ni mwalimu wa chuo. Huyu amesomesha alifu kwa kijiti kwa miaka arubaini, kwa vijisenti vya kila juma, na nusu ya wazazi hawakuvileta. Hana mwajiri, hana makato, hana kiinua mgongo. Macho yakimpotea, watoto huhamishwa chuo kingine, na siku hiyo mshahara wake umekatika. Kisha hufa, na mazishi yake hujaza njia. Na katika khitma yake huchinjwa ng'ombe na kupikwa pilau kwa fedha ambazo zingemlisha miaka miwili. Waliohifadhi Kur'ani kwake ni wafanya biashara, ni mawakili, ni madaktari. Hao hawahitaji fatwa.

Yabaki mas'ala ya wakfu, na hapa watu wametudhania kwamba twataka kuvunja desturi. Wakfu wa Sayyidna Umar wa ardhi ya Khaibar uliwataja mafakiri na jamaa zake pamoja. Lakini mwaka 1894 mahakama kuu ya dola ya Kiingereza huko London iliamua, katika kesi ya Bengal, kwamba wakfu uliowekewa kizazi cha mtu, na mafakiri wakawa mbali mwishoni, si sadaka na ni batili. Waislamu wa Bara Hindi wakapigana mpaka wakapata sheria ya kuusahihisha mwaka 1913. Na hapa Kenya sheria ya wakfu ya mwaka 1951 ikautambua wakfu wa jamaa. Basi mlango umo wazi: mwenye duka aweza kuliwekea wakfu shangazi zake, kisha waalimu wa chuo cha mtaa, kisha mafakiri. Ila katika madhehebu yetu mtu hawezi kujiwekea wakfu nafsi yake, ingawa Abu Yusuf ameruhusu. Kwa hiyo asidhani ataiepuka kazi ya kujiwekea akiba. Wala fedha taslimu kwetu haziwi wakfu, kwa kuwa hazitumiki illa kwa kuondoka, ingawa Waturuki walizifanya wakfu na wanachuoni wao wakazozana juu yake katika karne ya kumi ya Hijra. Kwetu sisi ni jengo, ni shamba, ni kisima, ni chombo.

Na mpangaji wa nyumba ya wakfu alipaye kodi ya zama za babu yake, naye huwapangisha wengine kwa kodi ya leo, ajue kwamba ile tofauti anayotia mfukoni ina mwenyewe, naye huenda yuko barazani hapo nje.

Kila kamati ya msikiti ina daftari la taa na maji na mazulia. Yafaa iwe na la pili, la wazee wa mtaa: nani ana mwana mwenye uwezo, nani hana; nani ameandikwa kwa shilingi 2,000 za serikali, nani bado; nani ana chumba cha kupangisha kinachovuja tu na kitu kidogo kingekitengeneza. Liandikwe na watu wawili wenye kuficha siri, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa uani mwanamume haingii. Lifunguliwe Shaaban, kabla zaka za Ramadhani hazijaanza kutoka mikononi mwa watu.